Gari la Mzee Salim: Kutoka Bofu Hadi Mwakirunge Bila Kuzima Injini

Gari la sadaka likizimika njiani kabla ya kukabidhiwa, thawabu zake zote humwendea yule atakayelisukuma. Mwenye gari hubaki mikono mitupu, hata kama alilinunua kwa jasho la ujana wake wote.

Msicheke. Mimi, mwanamume mzima mwenye ndevu, niliyemaliza masomo ya ngumbaru pale Likoni nikapewa cheti, nikakitia kioo na kukitundika juu ya kabati la vyombo, niliyaamini maneno hayo kama ninavyoamini kwamba jua hutoka upande wa baharini. Sijui niliyasikia kwa nani. Bofu ukikaa kitako barazani wakati wa kahawa, maneno hayatoki kwa mtu, yatoka hewani, na hewa ya Bofu haina mwenyewe wa kuulizwa.

Basi, nyinyi rafiki zangu mnaoniuliza kila jioni ilikuwaje nikauzunguka mji mzima na gari linalonguruma, nisilizime hata wakati wa kula, nisomeni mara moja tu kisha mniache nipumzike. Habari za kubadilisha jina la mwenye gari na mihuri yake sizielezi. Hizo zilimalizwa na watu wenye subira kunishinda mimi. Naanzia pale ufunguo ulipotua mkononi mwangu.

Bofu

Gari lilikuwa la Mzee Salim, Mungu amrehemu, mume wa jirani yangu Bi Zuhura. Ni lile gari refu la porini, magurudumu yote manne yavuta, rangi yake zamani kijani, siku hizi haina jina. Nilipohamia Bofu kutoka Mtongwe, Mzee Salim alikuwa tayari yuko kitandani na gari lake liko chini ya turubai, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Sikupata kumwona akiliendesha. Lakini hapana mtu mtaani asiyepata kulipanda bure. Huyu lilimpeleka kuoa, yule mamake alikimbizwa nalo hospitali akazaliwa salama, mwingine babake alibebwa humo kwenda makaburini.

Bi Zuhura alipotoka eda, wanawe walioko ng'ambo walimwambia aliuze. Akasema haliuzi. Kule Mwakirunge, nyuma ya machimbo ya mawe, kuna zahanati ndogo inayoendeshwa na chama cha kina mama. Mwenye uchungu wa kuzaa akizidiwa, hupakiwa kwenye bodaboda, dereva mbele, mtu wa kumshikilia nyuma, na barabara yenyewe ni mashimo matupu. Bi Zuhura aliposikia hayo akasema gari la Salim liende huko, liwe sadaka ya jaria, ile inayoendelea kumletea maiti thawabu kaburini maadamu watu wanafaidika nayo. Fundi akaja akalifufua. Kuku wakahamishwa. Likakosa dereva. Nami, kwa kuwa niliwahi kuendesha lori la mchanga, na kwa kuwa mdomo wangu huondoka mapema kuliko akili, nikasema, "Dereva si mimi hapa?"

Asubuhi ya safari alitoka mlangoni na bakuli la mahamri.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Gari li tayari."

Akalipapasa boneti, taratibu, kama mtu apapasaye shingo ya punda aliyemfuga mwenyewe. "Nyumba ni ya watoto," akasema. "Vitabu vyake wamegawana wanafunzi. Hili ndilo lililobaki la Salim. Lifikishe, mwanangu. Na ulitie mafuta ulikabidhi limejaa, si vizuri kutoa kitu kikavu."

"Bi Zuhura, wallahi, gari hili halitazimika hata likitaka lenyewe."

Akanitazama kidogo, akataka kuuliza neno, akaliacha. Akaniombea dua. Nami nikajua kazi niliyopewa. Vyuma mtu yeyote aweza kuvifikisha. Mimi nilibeba thawabu za mzee wa watu, na nilitakiwa nizifikishe kamili, asipatikane mtu wa kuzidokoa njiani.

Mwenzangu alikuwa Otieno, mchomeleaji vyuma, mtu wa Kisumu aliyekaa Bofu hata akaoa Bofu, lakini Kiswahili chake kimekataa kata kata kuoga maji ya bahari. Nilimchukua kwa sababu mlango wa abiria ulikuwa haufungi, wahitaji mtu wa kuushika kwa kamba. Breki ya mkono nayo ilikuwa pambo tu. Kila tukisimama, mguu wangu wakaa kwenye breki, na injini ikiwa yanguruma mimi sishuki. Kwa hiyo Otieno akawa kitasa, na mimi nikawa kigingi.

Feri niliyoikimbia

"Bro, si feri ndiyo hiyo," Otieno akasema tulipotoka barabara kubwa. "Tuko ng'ambo saa hii hii."

"Kwenye feri dereva huzima injini."

"Si utaiwasha ukifika?"

"Na isipowaka? Wawaona watu wale? Mji mzima wavuka pale! Kila mmoja atakimbilia kusukuma. Thawabu za Mzee Salim zitagawanywa kama biriani ya harusi, marehemu asibakishiwe hata kiazi."

Nilikuwa nimemweleza habari ile tangu jana yake. Otieno akauvuta mlango, akafikiri. "Na nikisukuma mimi? Mimi ni wa kanisa. Zitanijia aje?"

"Ndiyo maana nakwambia usiliguse nyuma. Tusiwape malaika kazi ngumu."

"Zikinijia nitarudisha. Naweka kwa bahasha napelekea Bi Zuhura."

Nikageuza gari, nikaelekea kusini kwenda kushika barabara mpya ya Dongo Kundu, ile inayozunguka bandari yote na kutokea Miritini. Hatujafika mbali, simu ikalia. Ni kinyozi wetu wa Bofu.

"We, gari la Bi Zuhura mbona laelekea Lungalunga? Mwalitorosha Tanzania?"

"Twalipeleka Mwakirunge!"

"Mwakirunge iko kaskazini, bwana."

"Naenda kaskazini kwa kupitia kusini," nikamjibu, nikakata. Hata jiografia ya ngumbaru haikunifunza njia hiyo.

Dongo Kundu

Mnipe ruhusa nilisifu daraja. Mimi nimezaliwa ng'ambo ile ya Likoni, nimevuka feri tangu tumboni, na sikuwahi kuuona mji wangu kwa mgongo. Gari lilipopanda daraja la Mteza nikaona mikoko imejaa chini hadi macho yakachoka, na upepo ukaingia kwa nguvu, Otieno akawa apepea na mlango wake kama bendera. Alipiga kelele kutoka mwanzo wa daraja hadi mwisho. Mimi nikadhani anafurahi.

Baadaye kidogo tukasimama kwa mama mmoja mwenye madafu kando ya barabara. Otieno akashuka, akatia jiwe chini ya gurudumu, nami sikuliamini jiwe, nikabaki na mguu wangu pale pale.

"Mwenzako mbona hashuki?" mama akamuuliza. "Ana miguu?"

"Ako nayo. Ameikalia."

Nikamweleza kwa dirishani, nikipaza sauti juu ya injini, kwamba gari ni sadaka ya marehemu, laenda kuwabeba wajawazito na wagonjwa. Mama akaacha kucheka. Akachagua dafu kubwa lisilo na kovu, akalikata, akaninywesha mwenyewe kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi kwenye usukani. Tulipotaka kumlipa akakunja uso. "Nami nitoe nini, nikiwa sina gari? Nendeni." Sikumjua, wala sitamjua tena, na maji ya dafu lile hayajanitoka kooni mpaka leo.

Changamwe

Furaha yote hiyo Changamwe ikaimeza. Malori ya makontena yalikuwa yamejipanga kutoka Miritini hadi nadhani mbinguni. Tulikaa pale mpaka ndevu zangu zikaota tena. Otieno alimwita muuza viazi karai, tukala kwa dirishani na ukwaju wa pilipili uliotutoa machozi, na mwenye viazi akatembea ubavuni mwetu wakati wote bila hata kuhitaji kuharakisha. Dereva wa lori la nyuma alikuwa akinipigia honi kila wakati. Kumbe, alipotufikia ubavuni, alitaka tu kujua gari la umri ule lapata wapi vipuri.

Tulipochomoka nikakumbuka agizo la mafuta. Nikaingia kituoni. Binti mmoja mwenye kofia akaja na bomba mkononi.

"Zima gari, mzee."

"Halizimwi hili, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Ni la sadaka."

Akanitazama, akamwita mwenziwe. "Mariamu, ndoo usikie! Huyu gari lake halizimwi kwa sababu ni la sadaka."

Mariamu akaja, na nyuma ya Mariamu akaja askari wa kituo na rungu lake. Akalizunguka gari, akainama, akaninusa. "Ufunguo uko wapi?"

"Huu hapa, u mahali pake."

"Uzungushe nione kama ni wake."

"Nikiuzungusha litazima!"

"Ehee! Wezi ndio hawazimi. Wameunganisha waya." Akamgeukia Otieno. "Na wewe wamjua huyu?"

Otieno, mlango mkononi, akajibu, "Mimi ni mlango tu, boss. Usiniulize."

Nikaapa, nikamtaja Bi Zuhura, nikamtaja marehemu, nikamtaja na cheti changu cha ngumbaru, ambacho hakikusaidia. Mwisho yule binti akasema kwa upole, "Mzee, sheria ni sheria. Hapa bila kuzima sikutii mafuta, hata uwe wapeleka gari peponi." Maneno ya haki. Nikamshukuru, nikaondoka. Hata hivyo sikuwa na wasiwasi, maana mshale wa mafuta ulionyesha tangi limejaa. Ulionyesha hivyo Bofu, ulionyesha hivyo darajani, na Changamwe ulionyesha hivyo hivyo. Nikamwambia Otieno, hili ni gari lenye baraka, lanywa kidogo.

Mishomoroni

Kisiwa tulikivuka kwa pumzi moja, tukapita daraja la Nyali, tukaingia Kisauni. Mishomoroni nikasimama kando, mbele ya nyumba yenye turubai, ili Otieno aulize njia ipi haina foleni. Hajamaliza kushuka, mlango wa nyuma wa gari ukafunguliwa, nikasikia sufuria zinatua. Kubwa, za pilau. Kisha masinia. Kisha wanawake, mmoja juu ya mwingine, na vigelegele.

"Haya dereva, twende, watu wana njaa!"

"Akina mama, mwakosea! Hili si gari la—"

"Mbona hushuki kutusaidia kupakia? Dereva gani huyu wa kukodi, amekaa kama bwana harusi?"

"Nimekanyaga breki!"

"Basi iachilie, twende!"

Nilifanya nini? Nikaiachilia. Harusi ilikuwa mbele kidogo, Mtopanga, na njia yetu ilikuwa hiyo hiyo. Otieno alining'inia nje na kamba yake kwa kuwa nafasi yake ilikaliwa na bibi mmoja mwenye sinia la kaimati, ambaye njia nzima alinifunza kuendesha gari. Tulipofika wakamkuta dereva wao halisi amesimama pale na gari lake jipya, amenuna. Wakatutazama. Wakatazamana.

"Kwani nyinyi ni akina nani?" bibi wa kaimati akauliza.

Nikawaeleza. Kicheko chao nadhani kilisikika Bofu. Lakini hawakutuacha tuondoke hivi hivi. Nililetewa pilau dirishani, nyama juu, achari ya embe pembeni, na bibi yule akasimama ananitazama nimalize. "Kula, mwanangu. Salim ndiye aliyetubebea sufuria zetu leo. Mungu amjaze nuru." Sikuwa nimewatajia jina lile ila mara moja tu.

Mwakirunge

Kutoka Utange lami hukuaga. Barabara ikawa vumbi jeupe la mawe, moshi wa jaa la taka ukatukaribisha kwa harufu yake, na malori ya machimbo yakawa yapishana nasi kwa nguvu. Gari la Mzee Salim ndipo lilipozaliwa upya! Mashimo yenye kina cha kumfukia mtu lililipita likitikisa kichwa tu. Nikaimba. Otieno akaimba wimbo mwingine. Mlima wa mwisho ulipotokea, bati la zahanati lilionekana juu, lang'ara.

Katikati ya mlima gari likakohoa. Likakohoa tena. Likanyamaza.

Nimewahi kufiwa, lakini kimya kile sijapata kukisikia. Otieno akaruka na jiwe lake. Nikagonga kile kioo cha mshale kwa kidole. Mshale ukasema tangi limejaa.

"Bro," Otieno akasema polepole, "hiyo mshale imekufa kitambo."

Kutoka machimboni wakaja wachonga mawe, weupe kwa vumbi kutoka kisigino hadi kope, watu wema wanaokuja bila kuitwa. "Tusukume, mzee?"

"Msiguse!" Nilishuka kwa mara ya kwanza tangu Bofu, miguu haina habari na mimi, nikaanguka, nikainuka, nikasimama nyuma ya gari nimetanua mikono. "Wallahi mtu asiguse!"

Wakarudi nyuma hatua. Nikawasikia wananong'onezana. Mmoja akavua kofia. "Pole sana, mzee. Hatukujua."

"Hamkujua nini?"

"Kwamba muna maiti ndani."

Otieno akaegemea mlango wake akacheka mpaka akauachilia. Nami machozi yalinilenga, si ya kucheka. Nilimwona Bi Zuhura akipapasa boneti. Hili ndilo lililobaki la Salim. Na hapa pamejaa wanaume wa kulichukua.

Mtu alikuwa amepiga simu juu, kwa sababu mara akashuka nesi, Kadzo jina lake, mwanamke mfupi mwenye ndara, na nyuma yake kina mama wa chama.

"Hujambo, baba? Naambiwa gari letu limefika na dereva wake hataki liguswe."

Nikamweleza yote, mbele ya kadamnasi. Hakucheka hata kidogo. Akalitazama gari, akautazama mlima.

"Mimi ni nesi," akasema, "ya thawabu siyajui. Nijuavyo ni kwamba kule ndani kuna mama wa mimba ya kwanza, miguu imemvimba, nataka afike hospitali kubwa kabla giza. Dumu la dizeli tunalo, la jenereta, lakini liko juu, na mashine ikiisha mafuta hivi fundi wetu ataka iwe mahali sawa aitoe hewa, si hapa malori yapitapo. Sasa niambie wewe."

Nikaishusha mikono. Nikaenda katikati ya bampa, nikauweka mgongo wangu mbele ya wote, nikanuia moyoni kwa sauti kubwa: chochote nitakachopata hapa ni cha Salim mume wa Zuhura. Kisha nikasema, "Haya."

Nesi Kadzo akaingia kushika usukani, nao wakaja hata nafasi ya mkono ikakosekana. Wachonga mawe, kina mama, muuza maji na mkokoteni wake, na Otieno, ambaye alinikonyeza akasema, "Bahasha." Lilipanda mlima kama limeitwa jina. Fundi akalitia dizeli, akaminya pampu, akalegeza hiki akakaza kile, likanguruma, na yule mama mwenye miguu iliyovimba akapandishwa, akalazwa pale kuku walipokuwa wakitagia, akaenda zake na nesi. Sisi tukakalishwa mkekani kwa sima na mtsunga, yale majani machungu wanayoyapika kule kwa nazi, na kila mama akaja kunipa mkono kwa mikono miwili. Chakula kitamu. Nilikila kama mtu aliyepoteza amana ya watu.

Kurudi Bofu

Tulilala huko, na asubuhi kabla hatujaondoka nesi Kadzo akarudi na gari na habari kwamba mama yule amejifungua salama, mtoto wa kike. Nikarudi na habari hiyo kwa miguu na kwa feri, nayo ilikuwa nusu ya mzigo wangu. Nusu ya pili niliitembeza polepole hadi mlangoni kwa Bi Zuhura.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Kaa kitako. Limefika?"

Nikaanza na mtoto. Akashukuru Mungu, akafuta macho kwa kanga.

"Bi Zuhura, lilizimika."

"Wapi?"

"Mlimani. Liliisha mafuta. Lilisukumwa."

"Na nani?"

"Na Mwakirunge nzima. Nilijaribu kuwazuia. Nisamehe, mamangu. Thawabu za Mzee Salim wamezichukua wachonga mawe."

Bi Zuhura akajifunika mdomo kwa pindo la kanga, mabega yakaanza kutikisika, nami nikajua nimemliza mjane. Alipoiondoa kanga alikuwa akicheka, kicheko cha msichana, ambacho sikupata kukisikia ukutani kwangu tangu nihamie.

"Kwa hiyo ndiyo maana uliniapia halitazimika," akasema. "Ewe mwanangu. Nani alikwambia habari hiyo?"

"Bofu nzima waijua."

"Bofu nzima waliisikia kwa Salim. Gari lilikuwa likizimika kila kona, na watu walikuwa wamechoka kusukuma. Ndipo akawaambia kwamba gari lake ni la sadaka, na atakayelisukuma atachukua thawabu zote. Si ya kitabuni hiyo. Alikuwa ataka kusukumiwa gari, basi."